Jembe la Kujitolea Litolewe na Mwenyeji

Wahenga waliposema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, hawakuacha shaka kuhusu nani anayelitoa: ni mwenyeji, kwa kuwa ndiye anayejua magugu yako wapi. Biashara ya leo ya utalii wa kujitolea imeupindua utaratibu huo. Mgeni huchagua kazi akiwa kwao, humlipa wakala, kisha hushuka na jembe lake mkononi. Huanchaco, mji wa pwani karibu na Trujillo kaskazini mwa Peru, unaonyesha kasoro iliyopo. Wageni huja kuteleza mawimbini, na baadhi yao hujitolea kufundisha watoto Kiingereza. Lakini shida kubwa ya wavuvi wa hapo haiko darasani.

Vyungu vya Wamoche, waliostawi pwani hiyo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, vinaonyesha watu juu ya vyombo vya matete. Wavuvi wa Huanchaco wangali wakivisuka kwa matete ya totora: mafungu hukazwa kwa kamba, omo ikabenuliwa juu, na kafi likawa la mwanzi uliopasuliwa. Mvuvi hurudi akiwa amepanda wimbi, kisha hukisimamisha chombo mchangani ili maji yachuruzike. Hata hivyo, baada ya wiki kadhaa matete hulowa yakawa mazito, na sharti kisukwe kingine. Kwa hiyo uvuvi huu una shamba lake, yaani madimbwi yaliyochimbwa karibu na ufuko ambamo totora hupandwa. Shamba hilo linaliwa na bahari, na lawama kubwa huelekezwa kwenye ukuta wa bandari ya Salaverry, upande wa kusini, unaozuia mchanga uliokuwa ukisafiri na mkondo kwenda kaskazini. Mwaka 2003 serikali ilikitangaza chombo hicho urithi wa taifa. Mwaka 2013 Huanchaco ikazinduliwa kuwa hifadhi ya mawimbi ya kimataifa. Heshima zote hizo hazirudishi mchanga.

Watasema msaada ni msaada, na Kiingereza kitamfaa mtoto wa mvuvi katika mji wa watalii. Ni kweli kitamfaa, iwapo kinafundishwa na mwalimu anayebaki. Walimu wanaobadilishana kila baada ya wiki chache huwarudisha watoto kwenye salamu na rangi, na ada aliyolipa mgeni ingeweza kuchangia mshahara wa mwalimu wa hapo hapo. Wengine watauliza kama tunataka kuwafukuza wageni wenye ujuzi. Hasha. Mhandisi wa pwani atakayekaa mwaka mzima, akiitwa na wavuvi wenyewe kupima mmomonyoko, ana kazi ya kweli.

Hoja hii inatuhusu. Huko Paje, Zanzibar, watelezaji wa tiara na akina mama wakulima wa mwani wanagawana maji yale yale ya kina kifupi. Kamati za vijiji vya pwani ziandike zenyewe orodha ya kazi zinazohitaji wageni, muda wa chini wa kukaa na ujuzi unaotakiwa. Asiyeona kazi yake humo asirudishwe. Aje kama mtalii, alipe malazi, chakula na mafunzo kwa wenyeji, na aondoke bila cheti cha kujitolea.