Rangi Mbili Si Dawa ya Mafua

Kasimame jioni moja kwenye duka la dawa la mtaani kwenu, usikilize. "Nipe rangi mbili za mia tano." Muuzaji anachukua mkasi, anakata vidonge vinne vya antibayotiki, anavitia kwenye kibahasha, mteja huyoo anaondoka. Hakuna aliyemuuliza anaumwa nini. Mara nyingi ni mafua, na mafua huletwa na virusi, ambavyo antibayotiki haziviui hata ukimeza kopo zima.

Vidonge vile vinawakuta bakteria waliomo mwilini. Walio dhaifu hufa; walio sugu hubaki, huzaana na kuhamia kwa wengine. Siku mtoto wa jirani akipata nimonia, au kidonda cha mzazi aliyejifungua kwa upasuaji kikitunga usaha, daktari anaandika dawa ileile tuliyoizoea, na haifanyi kazi. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya kuhusu jambo hili mwaka 1945 alipopewa Tuzo ya Nobeli. Mwaka 2019, usugu huo uliua watu wanaokadiriwa kufika milioni 1.27 duniani, na Afrika Magharibi ndiyo iliyoumia zaidi ukilinganisha na idadi ya watu wake.

Najua kwa nini tunakimbilia dukani. Foleni ya hospitali inakula kibarua cha siku nzima, na bado kuna nauli na pesa ya vipimo. Simlaumu mama ntilie anayetafuta nafuu ya haraka. Ndiyo maana nasema na wenye mamlaka pia: kipimo cha kuotesha vimelea kifike hospitali za wilaya, tena kwa bei ambayo mtu wa kawaida ataimudu. Bila hicho, hata daktari anabahatisha.

Wewe muuzaji, muulize mteja anaumwa nini, na pale isipofaa umkatalie kwa upole. Wewe mfugaji, acha kuwatilia kuku wazima antibayotiki kwenye maji, na ukiwatibu wagonjwa, zingatia siku za kusubiri kabla ya kuuza nyama na mayai.

Na sisi wengine, tukipata mafua tunywe maji, tupumzike. Homa ikipanda, twende tukapime. Dawa tuliyoandikiwa tuimeze kama tulivyoelekezwa, tusimgawie jirani. Tuanze na nyumba zetu, wiki hii.