UCHAMBUZI: Wauguzi wa Mlima Kenya wanabeba peke yao hatari ya safari ya ng'ambo

MAZUNGUMZO ya kwenda ng'ambo hayakosekani katika hospitali ya rufaa ya Kerugoya, katika hospitali ya misheni ya Tumutumu karibu na Karatina, wala kule Mathari, Nyeri. Zamu zinapobadilishana, wauguzi huulizana nani amepita mtihani wa Kiingereza, nani ameitwa kwa mahojiano na nani bado anasubiri barua ya Baraza la Wauguzi.

Katika miteremko hii ya mlima, nauli ya safari hiyo aghalabu hutoka shambani. Kuna familia zinazongoja bonasi ya majani chai, nyingine huuza ploti kule Kutus, na kuna wazazi wanaoweka rehani hisa zao katika chama cha akiba na mikopo ili binti apate kufanya mitihani.

Fedha hizo hulipwa kabla ya mshahara wa kwanza kuonekana. Iwapo zitarudi au zitapotea ni jambo linaloamuliwa London, katika afisi ambazo hazijui bei ya kilo moja ya chai, na kwa kanuni zinazoweza kugeuzwa muuguzi akiwa angali njiani.

Serikali ya Kenya imekuwa ikijivunia mambo mawili katika suala hili: idadi ya nafasi za kazi zilizopatikana na fedha zinazotumwa nyumbani. Kwa mujibu wa takwimu za Benki Kuu, Wakenya walio ng'ambo walituma takriban dola bilioni 4.9 mwaka wa 2024. Hilo si jambo dogo. Hata hivyo, ni nadra kusikia waziri akieleza muuguzi atafanyaje kanuni zikibadilika au mwajiri akifutiwa leseni.

Mkataba unaozungumziwa mara nyingi ni ule uliotiwa saini Julai 2021, Rais Uhuru Kenyatta alipozuru Uingereza. Ulitangazwa kuwa njia maalum kwa wauguzi waliohitimu lakini wasiokuwa na kazi nchini. Novemba mwaka uo huo, Uingereza iliiweka Kenya katika orodha ya nchi ambazo waajiri hawaruhusiwi kuja kutafuta wahudumu wa afya isipokuwa kwa kufuata mkataba wa serikali kwa serikali.

Juni 2022, kundi la kwanza la wauguzi 19 liliondoka kuelekea hospitali za chuo kikuu cha Oxford. Kumi na tisa! Ukikumbuka kelele zilizopigwa mkataba ulipotiwa saini, utashangaa mlima ulivyozaa panya.

Kizingiti cha kwanza kilikuwa lugha. Mapema 2022, waziri wa Afya wa wakati huo, Bw Mutahi Kagwe, ambaye ni mwanasiasa wa Nyeri, alifichua kwamba kati ya wauguzi 300 waliopimwa, ni 10 pekee waliofaulu mtihani wa Kiingereza. Wakenya wengi walicheka. Kicheko hicho hakikuwa cha haki.

Muuguzi wa Kenya hufundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne hadi siku anapohitimu. Lakini Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza, linalofahamika kwa kifupi kama NMC, haliihesabu Kenya miongoni mwa nchi ambazo wakazi wake wengi huzungumza Kiingereza kama lugha yao. Kwa hivyo cheti cha Kenya pekee hakitoshi. Katika mtihani wa IELTS anatakiwa apate alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Matokeo hayo hutumika kwa miaka miwili tu, na foleni ya makaratasi ikiwa ndefu, hulazimika kulipa na kukalia mtihani upya.

Baada ya lugha huja ada. NMC hutoza pauni 140 kukagua vyeti, mtihani wa kompyuta ni pauni 83, mtihani wa vitendo unaofanyiwa Uingereza ni pauni 794, na usajili ni pauni 153. Jumla ni pauni 1,170, yaani karibu Sh200,000 kwa viwango vya 2025, kabla ya kuhesabu mtihani wa lugha, viza na tiketi ya ndege. Baadhi ya waajiri hulipia mtihani wa vitendo na nauli, kisha huweka katika mkataba kifungu kinachomtaka muuguzi arudishe gharama hizo akiacha kazi mapema. Wengi hukisoma kifungu hicho wakiwa tayari wamefika.

Pale mwishoni pana malipo mazuri, na itakuwa unafiki kutosema hivyo. Mshahara wa kuanzia wa muuguzi aliyesajiliwa nchini England katika mwaka wa 2025/26 ulikuwa pauni 31,049 kwa mwaka. Hakuna kaunti nchini inayoweza kushindana na kiwango hicho, na anayemlaumu muuguzi kwa kukitamani na aangalie kwanza hati yake mwenyewe ya malipo.

Tatizo la mkataba wa 2021 lilikuwa katika msingi wake. Ulisema unawalenga wasio na kazi, ilhali waajiri wengi wa Uingereza hutaka mtu mwenye uzoefu wa karibuni wa wodini. Aliyekaa nyumbani miaka mitatu akisaidia mamake kuchuma chai hana uzoefu huo. Aliye nao ni yule wa chumba cha upasuaji, wa wodi ya watoto wachanga au wa wagonjwa mahututi, ambaye hospitali ya Kerugoya haiwezi kumbadilisha kwa siku moja.

Matokeo yake ni kwamba aliyefaa kwenda kwa mujibu wa mkataba alibaki, na aliyefaa kubaki akawa ndiye wa kwanza kuitwa.

Wale waliofungiwa mlango wa mbele walitafuta wa nyuma. Februari 2022, Uingereza ilifungua viza ya afya kwa wahudumu wa kawaida wa makao ya wazee, kazi isiyohitaji usajili wa NMC wala alama za juu za Kiingereza. Hapo mawakala wakapata mavuno. Watu wenye stashahada na hata shahada za uuguzi walikubali kwenda kuosha na kulisha wazee, wakiamini kwamba wakishafika watajisajili taratibu kama wauguzi.

Njia hiyo ndiyo iliyogeuka kuwa mtego. Viza humfunga mfanyakazi kwa mwajiri aliyemdhamini. Kulingana na serikali ya Uingereza, kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 leseni zaidi ya 470 za waajiri wa sekta hiyo zilifutwa kutokana na ukiukaji wa kanuni, na wafanyakazi zaidi ya 39,000 kutoka nchi mbalimbali wakaathirika. Mwajiri anapofutiwa leseni, mfanyakazi kwa kawaida hupewa siku 60 kupata mdhamini mwingine, kubadilisha viza au kuondoka. Hebu fikiria siku 60 katika mji usiokuwa na jamaa, deni la chama likiendelea kukatwa kwa mzazi huko Kerugoya.

Kisha kanuni zikabadilika tena na tena. Kuanzia Machi 11, 2024, wahudumu wa makao ya wazee wapya walikatazwa kuandamana na mume, mke au watoto. Julai 22, 2025, njia yenyewe ikafungwa kwa waombaji wapya kutoka ng'ambo. Novemba 2025, serikali ya Uingereza ilipendekeza kwamba madaktari na wauguzi wa hospitali za umma waendelee kupata ukazi wa kudumu baada ya miaka mitano, ilhali walioingia kwa kazi za daraja la chini wangoje miaka 15.

Kwa hivyo wanafunzi wawili waliohitimu chuo kimoja, mwaka mmoja, wanaweza kutenganishwa kwa miaka 10 ya maisha kwa sababu mmoja alipata 6.5 katika kuandika na mwingine 6.

Hata wauguzi kamili wamepunguziwa nafasi. Takwimu za NMC zinaonyesha kuwa idadi ya waliojisajili kutoka nchi za kigeni ilishuka kwa takriban asilimia 30 katika mwaka ulioishia Machi 2025. Hospitali za huko zimepunguza kuajiri kutoka nje kwa kukosa fedha na kwa kutaka kuwapa kazi wahitimu wa kwao.

Wazee wa taaluma hii hawashangai. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Uingereza ilikuwa ikiwachukua wauguzi wa Afrika kwa wingi, wakati ambapo Kenya nayo, kwa masharti ya wafadhili, ilikuwa imesimamisha ajira katika utumishi wa umma tangu miaka ya 1990. Mwaka wa 2006, London iliwaondoa wauguzi wa kawaida katika orodha ya kazi zenye upungufu, na mlango ukafungwa. Ukafunguliwa tena Oktoba 2015. Wanaojenga mipango ya familia juu ya mlango kama huu wanapaswa kujua kuwa bawabu wake hutazama mahitaji yake mwenyewe.

Mtu atauliza, mbona Wafilipino wamefaulu? Ni kweli kwamba taifa hilo la Asia ndilo maarufu zaidi duniani kwa kusafirisha wauguzi, na wamekuwa wakienda Marekani tangu mpango wa kubadilishana wageni wa 1948. Lakini kilichowainua si wingi wao pekee. Mwaka wa 1995, baada ya mfanyakazi wa nyumbani Flor Contemplacion kunyongwa Singapore na umma kughadhabika, bunge lao lilipitisha sheria ya wafanyakazi walio ng'ambo. Chini ya sheria hiyo, wakala aliye Manila huwajibika pamoja na mwajiri wa ng'ambo kwa madai ya mfanyakazi. Mwajiri akitoroka, wakala yupo wa kushtakiwa.

Ufilipino pia imethubutu kusema hapana. Mnamo 2020, janga la korona lilipochacha, ilizuia wauguzi kuondoka, kisha ikaweka kikomo cha 5,000 kwa mwaka, kilichopandishwa baadaye. Desemba 2021 ikaunda wizara nzima ya wafanyakazi walio ng'ambo. Si kwamba mambo yao yamenyooka, kwani hospitali zao nazo hulia upungufu. Ila anayeondoka Manila ana serikali nyuma yake, na mwajiri anajua hivyo.

Kenya ina Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, na orodha ya mawakala waliosajiliwa. Hata hivyo, sakata ya mpango wa masomo ya Finland na Canada katika Kaunti ya Uasin Gishu, ambapo wazazi waliolipa mamilioni waliandamana mwaka wa 2023, ilionyesha kwamba hata muhuri wa serikali si kinga. Nao mkataba na Ujerumani wa Septemba 2024 ulianza kwa vurugu: ikavuma habari ya nafasi 250,000, na wizara ya ndani ya Ujerumani ikalazimika kukanusha kwamba mkataba huo ulikuwa na idadi yoyote.

Wajumbe wetu wanapoketi mezani, wanapaswa kuacha kuomba idadi na kudai masharti. La kwanza liwe kwamba aliyeanza safari kwa kanuni fulani aimalize kwa kanuni hizo. La pili, mwajiri akifutiwa leseni, muda wa kutafuta mwingine uongezwe kwa wale waliokwenda kupitia mkataba. La tatu, nchi inayochukua wauguzi ilipie sehemu ya gharama ya kuwafunza. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2006 ulikadiria kuwa kumsomesha muuguzi mmoja wa Kenya, tangu shule ya msingi hadi anapohitimu, kuligharimu zaidi ya dola 43,000. Uingereza hupokea matunda hayo bila kulipa hata karo ya muhula mmoja.

Nyumbani nako kuna kazi. Kaunti ya Kirinyaga imejenga jumba kubwa la kisasa la matibabu hapa Kerugoya, na chuo kikuu cha Kirinyaga, kilicho Kutus, kinafunza wauguzi. Majengo yapo na wanafunzi wapo. Kinachokosekana ni ajira ya kudumu. Wahudumu zaidi ya 7,000 walioajiriwa kwa kandarasi kote nchini kuanzia 2020 chini ya mpango wa afya kwa wote walilazimika kulala nje ya makao makuu ya wizara mnamo 2025 wakidai kazi ya kudumu. Mgomo wa wauguzi wa 2017 nao ulidumu takriban miezi mitano. Kijana aliyeona hayo akiwa chuoni hahitaji wakala wa kumshawishi.

Kwa sasa, familia inayofikiria kuuza ploti ina mambo mawili ya kuangalia kwanza. Maadili ya uajiri ya Uingereza yanakataza wakala kumtoza muuguzi ada ya kumtafutia kazi. Kwa hivyo anayedai laki tatu za kutafuta nafasi tayari amejitambulisha. Aidha, orodha ya waajiri wenye leseni ya kudhamini wageni huchapishwa na serikali ya Uingereza, na ile ya mawakala wanaofuata maadili huchapishwa na shirika la waajiri wa hospitali za umma za huko. Orodha zote mbili zimo kwenye intaneti, na kuzisoma hakulipiwi.