Ghala la Mpunga na Nyumba ya Wanachuo



Wapendwa wanaparokia, katika kikao cha Halmashauri ya Walei cha Jumamosi iliyopita lilizuka jambo ambalo hatukulimaliza, na kwa kuwa baadhi yenu mmekwisha kulisikia sokoni kabla halijatangazwa kanisani, tumeona afadhali tulieleze hapa kwa kirefu. Lile ghala la zamani lililo nyuma ya nyumba ya mapadre limekaa tupu tangu msimu uliopita. Wapo wanaotaka tuwapangishe wafanyabiashara wa mpunga, maana mavuno yanakaribia na fedha ya paa la kanisa haijatimia. Wapo wengine, hasa vijana wa VIWAWA, wanaoomba liwe nyumba ya wanachuo: mahali pa kusomea jioni, pa kukutania, pa kupikia pamoja siku za sikukuu ambapo mwenye kwao Bukoba au Pemba hawezi kusafiri kwenda nyumbani.

Mzee mmoja tunayemheshimu sana alisimama akauliza: "Baba Paroko, vijana hawa bweni wanalo, darasa wanalo, na kanisa ni hili hapa. Wakitengewa nyumba yao peke yao, si ndiyo mwanzo wa kubaguana?" Kijana mmoja akamjibu kwa adabu kwamba hata Marekani wanafunzi Weusi wana nyumba zao ndani ya vyuo vikuu. Mzee akasema, "Ndiyo maana hawapatani." Watu wakacheka, saa ikawa imekwisha, tukafunga kwa sala.

Swali la mzee halikutuacha tulale upesi usiku ule. Tumeona tulipeleke mbali kidogo, kisha tulirudishe hapa Katindiuka.

Mwaka 1925 huko London, mwanafunzi wa sheria kutoka Nigeria, Ladipo Solanke, na wenzake walianzisha chama cha wanafunzi wa Afrika Magharibi, kilichojulikana kwa kifupi WASU. Shida yao kubwa ilikuwa ndogo sana kwa kuitamka: chumba cha kulala. Mwanafunzi alikuwa na ada na barua ya chuo, lakini alipogonga mlango wa nyumba ya kupanga, mwenye nyumba alimtazama uso, akasema chumba kimekwisha kuchukuliwa. Basi Solanke alirudi Afrika Magharibi, akazunguka kwa miaka kadhaa akikusanya michango ya watu wa kawaida, na mwaka 1933 wakafungua nyumba yao katika mtaa wa Camden Road. Mwaka uliofuata Wizara ya Makoloni nayo ikafadhili nyumba nyingine kwa ajili ya wanafunzi hao hao, ikaitwa Aggrey House. Wengi wa WASU waliisusia. Waliona kwamba mwenye kulipa kodi ya nyumba atataka pia kujua yanayozungumzwa ndani yake. Tunaomba mkumbuke jambo hili, maana tutalirudia tutakapofika kwenye suala la funguo.

Kanisa nalo lina ukurasa wake katika habari hii, na ni ukurasa ambao Wakatoliki wengi hawaujui. Mwanamke Mkatoliki Mwingereza, Margaret Feeny, aliona jinsi Waafrika waliokuwa wakimiminika London, wanafunzi, wanasiasa, wakimbizi, wasivyokuwa na mahali pa kukaa kama watu walio kwao. Kwa juhudi zake, jengo lililokuwa la Kanisa katika mtaa wa King Street, namba 38, lilitolewa kwa ajili ya watu wa Afrika. Kituo cha Afrika kilifunguliwa hapo mwaka 1964, na aliyekifungua ni Kenneth Kaunda. Desmond Tutu, aliyekuwa akisoma London miaka hiyo, alikuwa miongoni mwa waliopita pale. Na mtuwie radhi kwa kutabasamu tunapoandika: inasimuliwa kwamba jengo lile zamani liliwahi kuwa ghala la ndizi. Kituo hicho kimehama King Street, lakini hakijafa. Tangu 2022 kina makao mapya upande wa Southwark.

Huko Marekani habari ina uchungu zaidi. Mwaka 1959 Tom Mboya alifanikisha safari ya ndege iliyowapeleka vijana 81 wa Afrika Mashariki katika vyuo vya kule, na mwaka uliofuata wakaenda wengi zaidi. Mmoja wa waliokwenda 1960 alikuwa Wangari Maathai, ambaye baadaye, mwaka 2004, alipata Tuzo ya Nobeli ya Amani. Yeye alipokelewa na masista Wabenedikto katika chuo chao cha Atchison, jimbo la Kansas, akakaa kwao miaka minne na kuwapenda mpaka mwisho wa maisha yake. Lakini amesimulia pia kwamba njiani kuelekea huko, basi lao liliposimama wapate kinywaji baridi, waliambiwa wanaweza kununua ila hawawezi kuketi ndani. Chuo kilimpokea vizuri. Nchi iliyokizunguka ilikuwa haijaamua.

Nyumba ambazo kijana wetu alizitaja kikaoni zilizaliwa katika hali hiyo. Aprili 1968 Martin Luther King aliuawa. Mwezi uliofuata, katika Chuo Kikuu cha Northwestern karibu na Chicago, wanafunzi Weusi waliikalia ofisi ya mhasibu wa chuo kwa saa 38, kwa amani, mpaka wakazungumza na wakuu wa chuo na kupatana nao. Miongoni mwa yaliyotokana na mazungumzo yale ni nyumba yao wenyewe ya kukutania. Yale wakapata ya kwao mwaka 1969, na vyuo vingine vikafuata.  Waliomba sebule.

Leo baadhi ya nyumba hizo zimefungwa. Jimbo la Utah lilipitisha sheria iliyoanza kutumika Julai 1, 2024, na Chuo Kikuu cha Utah kikafunga kituo chake cha utamaduni wa watu Weusi. Walioitetea sheria ile walisema chuo kimhudumie kila mwanafunzi bila kutazama rangi. Mnaona, basi, kwamba swali la mzee wetu si la ushamba hata kidogo. Limeulizwa katika mabunge.

Nasi tunalijibuje? Tuseme kwanza tuliyoyaona kwa macho. Tulipotumwa masomoni Ulaya kwa muda, tulikaa katika mji ambao hatutautaja. Hakuna aliyetutukana. Ila siku moja mlinzi wa maktaba alituomba kitambulisho mara tatu kabla ya saa ya chakula cha mchana, na wenzetu tulioketi nao meza moja hakuwaomba hata mara moja. Jambo dogo, mtu mzima hulii kwa jambo kama hilo. Lakini Ijumaa jioni, katika chumba cha chini cha parokia moja, tulikutana na Wakongo, Wanyarwanda na Wakenya wawili, tukasonga ugali katika sufuria isiyotosha, na mtu akaweza kusimulia habari ya kitambulisho, wengine wakacheka kwa sababu nao yamewakuta. Jumatatu tulirudi maktaba tukiwa wazima. Tuna hakika kwamba bila chumba kile tungemaliza masomo kwa shida, na pengine kwa kinyongo.

Mama mmoja wa WAWATA alituuliza kama Maandiko yana neno juu ya hili. Yapo, katika Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume wangeweza kuwaambia kwamba katika Kristo sote tu wamoja, kwa hiyo manung'uniko yakome. Hawakusema hivyo. Waliitisha mkutano, wakachaguliwa watu saba, na ukisoma majina yao, Stefano, Filipo, Prokoro na wengine, yote ni ya Kiyunani. Waliosahauliwa walikabidhiwa meza yenyewe. Hatusomi popote kwamba umoja wa Kanisa la Yerusalemu ulivunjika kwa sababu ya uamuzi ule.

Hata hivyo hofu ya mzee ina mizizi katika nchi yetu, na hatutaki kuipuuza. Sisi Watanzania tulifundishwa kuogopa mafungu, na tumefaidika sana kwa kuogopa huko. Mpogoro alipelekwa kusoma Tabora, Msukuma akaletwa huku, wakaoana. Kama kesho wangekuja Wandamba kuomba nyumba yao, na Wabena yao, tungekataa bila kusubiri kikao. Tofauti ni nini? Kwa maoni yetu ni mbili. Ya kwanza, anayeomba ni mgeni au ni mwenyeji? Mwenyeji akijifungia, anamnyima mgeni; mgeni akipata pa kuketi, hamnyimi mtu. Ya pili ni mlango. Nyumba ambayo mtu wa nje hawezi kuingia akakaribishwa chakula, hiyo nasi tungeifunga.

Na wanachuo wa hapa ni wageni, tusijidanganye. Wanaosomea udaktari katika chuo cha afya cha Mtakatifu Fransisko wanashuka TAZARA usiku wakiwa na sanduku moja, wanapangishwa vyumba kwa bei ambayo mwenyeji haambiwi, kisha tunawalaumu kwamba hawaji jumuiya. TMCS inawalea vema Wakatoliki walio chuoni, lakini Mlutheri na Mwislamu wanaosoma nao hawana pa kwenda. Nyumba hii, tukiitoa, iwe yao wote.

Kwa hiyo paroko wenu anapendekeza hivi. Ghala litolewe kwa wanachuo kwa mwaka mmoja wa majaribio. Funguo zikae kwao, si kwetu. Tumekwisha kueleza habari ya Aggrey House. Umeme na maji wachangie wenyewe kadiri wawezavyo. Wenye mpunga tutawaomba wavumilie msimu huu, ingawa tunajua kodi yao ingetuletea bati nyingi, na harambee ya paa itaendelea kama ilivyopangwa. Kama mwaka ukiisha na nyumba imekuwa ya kikundi cha watu wachache waliojifungia, tutairudisha mikononi mwa Halmashauri, nasi tutakuwa wa kwanza kumwambia mzee kwamba aliona mbele.

Kikao cha kupiga kura ni Dominika ijayo baada ya Misa ya pili, chini ya mwembe. Mzee wetu ametuma mjukuu wake kutuambia kwamba atafika mapema, na kwamba ana swali la pili.