Sanduku moja la posta, kijiji kizima

Wadau, leo tuongelee majibu. Mtu ameomba kazi, ameomba mkopo, ameandika mtihani. Jibu lake linamfikiaje yeye peke yake, wakati kuna maelfu wanaosubiri kama yeye?

Chukua Msangeni, kule Ugweno, Upare ya Kaskazini, wilayani Mwanga. Kwetu Tanzania barua nyingi haziji mlangoni, zinaishia kwenye S.L.P. Vijiji vya milimani kama hivyo vimeishi miaka mingi kwa sanduku la shule, la kanisa au la msikiti. Bunda moja linapandishwa mlimani, mwalimu anasimama mstarini, anaita majina, mtoto wa fulani anapewa ampelekee babu. Jina liko juu ya bahasha, kwa hiyo barua inampata mwenyewe. Ila kabla haijafika, nusu ya kijiji inajua nani kaandikiwa na nani. Bahasha ikiwa na nembo ya benki au hospitali, basi tena! Na aliyetumwa posta akiwa na shughuli zake, barua ya kuitwa kwenye usaili inafika usaili umeshapita.

Vijana wanaotengeneza programu wanalijua tatizo hili kwa sura nyingine. Kuna mifumo ya foleni za ujumbe, kama RabbitMQ iliyotoka mwaka 2007. Programu moja inaacha ombi kwenye foleni, nyingine inalichukua, inalifanyia kazi na kurudisha jibu. Sasa waombaji wakiwa 20 na wote wakasubiri kwenye foleni moja ya majibu, mfumo unagawa kwa zamu tu, na jibu la Asha linamwangukia Juma. Juma alifanyeje? Alitupe? Dawa ina sehemu mbili. Kila mteja anafungua foleni yake ya majibu, ambayo mwingine haruhusiwi kuisoma, na anaitaja ndani ya ombi lake. Halafu anabandika namba kwenye ombi, ili akiwa ametuma maombi matatu ajue jibu lipi ni la lipi.

Hivi ni vitu viwili tofauti, na ofisi zetu zinapenda kutoa kimoja na kudhani zimetoa vyote. Namba inalinganisha jibu na ombi. Haifichi kitu.

Angalia matokeo ya kidato cha nne. Baraza la Mitihani linayaweka kwenye tovuti shule kwa shule, kila mtahiniwa na namba ya kituo na namba yake. Majina hayapo. Safi? Muulize yeyote aliyesoma sekondari ya kata kama hakuzijua namba za wenzake darasani. Jirani mwenye bando anaijua divisheni ya binti yako kabla yako, na jioni iko kwenye magrupu ya WhatsApp.

Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu wanaweza kufanya tofauti, na wanafanya. Kila mwombaji ana akaunti yake, wenyewe wanaiita SIPA, anaingia na kuona alichopangiwa. (Kiasi chenyewe ni ugomvi wa siku nyingine.)

Najua mtanijibu nini. Sekretarieti ya Ajira inatoa hadharani orodha za majina ya walioitwa kwenye usaili, na mtasema ndiyo njia ya kuzuia jina kuchomekwa usiku. Naiheshimu hoja hiyo, nchi yetu tunaijua. Lakini kazi ya umma ni ya walipa kodi wote, wana haki ya kuona nani anaitwa. F ya fizikia ya binti wa miaka 17 inawahusu nini watu wa Kigamboni?

Baraza lingeweza kumpa kila mtahiniwa neno la siri siku anapopewa namba ya mtihani, na kwenye tovuti ikabaki jumla ya divisheni za kila shule, ili wazazi waendelee kulinganisha shule. Watu wa kompyuta wa kuifanya kazi hiyo tunao. Asiye na simu kule Msangeni ataazima ya jirani, sawa, lakini ukurasa ataufungua yeye.