Kuonekana Unasoma Si Kusoma

Kuna sifa moja tunaipenda sana huku kwetu: "Huyo mtoto husoma mpaka saa nane usiku!" Mama anawaambia majirani wa ploti kama vile kijana ameshaleta medali. Mimi nikisikia hivyo huwa nauliza swali moja tu, hata kama wamama wataniangalia vibaya: akifunga daftari, anakumbuka nini?

Kuteseka tunakujua, wasee. Miguu kwa beseni la maji baridi ndio usisinzie, blanketi mabegani, kahawa nyeusi tii. Daftari la Bayolojia limepakwa manjano, waridi na kijani mpaka linakaa bango la kampeni. Halafu mwambie mwenye daftari achukue karatasi tupu achore figo na aandike majina ya sehemu zake. Kimya. "Lakini nimesoma hiyo topiki mara tano!" Naam, umeisoma, na hapo ndipo shida iko.

Kichwa hutuchezea shere. Ukirudia kusoma kitu, kinakuwa laini, unaona kama kimeingia. Lakini kutambua kitu si kukikumbuka. Ni kama yule jamaa unakutana naye kila asubuhi kwa stage. Sura unaijua vizuri sana, lakini ukiulizwa jina lake huna. KNEC hawaulizi kama umewahi kuona photosynthesis mahali. Wanakupa karatasi na kusema, eleza.

Hii si maneno yangu peke yangu. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichukua wanafunzi wa chuo wakawapa makala fupi. Kundi moja likaisoma na kuirudia tu. Lingine likaisoma, kisha makala ikawekwa kando na wakaandika walichokumbuka, mara tatu. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Ungewaona siku hiyo ungesema hao ndio wakali. Baada ya wiki moja walikumbuka karibu asilimia 40, na waliojipima wakakumbuka karibu asilimia 61. Na kinachonichekesha zaidi ni kwamba wale wa kurudia ndio walikuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka.

Sasa fikiria Hesabu. Pepa ya KCSE ni saa mbili na nusu: maswali 16 ya lazima, halafu unachagua matano kati ya manane. Mwalimu akifanya mfano ubaoni kila mtu anatikisa kichwa, "tumeelewa mwalimu." Umeelewa vile mwalimu anafanya. Wewe mwenyewe utajulikana ukibaki na swali na kalamu, bila mfano pembeni. Pia ile tabia ya kufanya mapepa ya nyuma huku majibu yako wazi hapo kando, unachungulia kidogo, unasema "aah, hiyo nilikuwa najua"... hapana, hukuwa unajua. Weka majibu mbali, weka saa, maliza, ndio usahihishe. Na Fasihi usiniambie umesoma *Bembea ya Maisha* kama ulichosoma ni mwongozo wake tu. Tamthilia yenyewe si ndefu hivyo.

Mimi nilisoma shule ya kutwa, Eastlands, na nyumbani kulikuwa chumba kimoja, TV ikiwaka na wadogo wangu wakipigana. Kwa hivyo nikiona ushauri wa "tafuta meza tulivu yenye mwanga mzuri" huwa nacheka. Meza gani? Kilichotusaidia mimi na marafiki zangu wawili ni njia ya kurudi nyumbani. Tulikuwa tunatembea dakika arobaini, daftari ziko kwa mfuko, mmoja anauliza na wengine wanajibu. Ukikosa, swali hilo unaulizwa tena kesho, halafu tena wiki ijayo. Hatukuwa na jina la kitaalamu la hiyo kitu, lakini Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alishaandika kuhusu kusahau mwaka 1885: tunapoteza mengi haraka sana mwanzoni, na kurudia kwa kupisha siku kunashinda kurundika kila kitu siku moja. Haihitaji bando wala pesa ya tuisheni. Jumamosi, aliye karibu na maktaba kama ya Kaloleni au ile ya taifa pale Buruburu aende akakae huko. Simu iachwe nyumbani, hiyo sitaibishania.

Usingizi nao. Wataalamu wa usingizi Marekani wanapendekeza saa 8 hadi 10 kwa mtu wa miaka 13 hadi 18, na ni usiku huo ndio ubongo hupanga vile ulisoma mchana. Mdogo wangu yuko bweni, shule sitaitaja. Prepu ya usiku inaisha saa nne na nusu, kengele ya asubuhi inalia saa kumi. Piga hesabu: saa tano na nusu, na hapo hujatoa muda wa kuoga na kupanga foleni. Akisinzia, anasimamishwa nyuma ya darasa. Huyo hasomi, analinda daftari kama soja. Kwa shule za kutwa, kanuni za elimu za 2015 zinasema masomo ni saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu, lakini pita stage yoyote Nairobi saa kumi na moja alfajiri uone sare zilivyojaa.

Najua jibu la wazee: "Sisi tulikesha na tukapita." Sawa, heshima zenu. Lakini aliyekesha akaanguka haalikwi siku ya kutuza wanafunzi kutoa hotuba. Kwa hivyo tunasikia upande mmoja tu, kila mwaka.

Na muda umekwisha wa kujaribu-jaribu. KCSE ya 2027 ndiyo ya mwisho ya 8-4-4, na wadogo zetu wa Gredi 10 wanaingia na mfumo mwingine ambao unataka mtu aonyeshe anachoweza kufanya. Hata huko, daftari lenye rangi nyingi halitamsaidia mtu.

Walimu wakuu, ombi langu ni dogo. Nusu saa ya mwisho ya prepu, vitabu vyote vifungwe. Kila mtu karatasi tupu, aandike alichojifunza leo, jirani yake amsahihishe. Halafu taa zizimwe saa tatu na nusu, na hiyo kengele ya saa kumi mtupatie tuuze chuma chakavu.