Biashara ya hisa yataka mafunzo, si pupa

Mwaka 2008, Safaricom ilipouza hisa bilioni 10 kwa umma kwa shilingi 5 kila moja, chumba cha walimu nilimokuwa nikifundisha kiligeuka soko. Sote tulikumbuka KenGen, ambayo hisa zake ziliuzwa kwa shilingi 11.90 mwaka 2006, na bei ikapanda zaidi ya maradufu kwa muda mfupi. Nami, mwalimu wa hesabu, nilikopa katika chama cha ushirika, nikajiunga na foleni.

Maombi yalizidi hisa zilizokuwapo. Nilipata sehemu ndogo tu, fedha zilizosalia zikarudi, lakini riba nikaendelea kuilipa. Mwanzoni mwa 2009 hisa hizo zilikuwa chini ya shilingi 3. Usingizi ulinihama, nikaziuza zote. Mwaka 2021 hisa hizo hizo zilivuka shilingi 40. Siilaumu kampuni wala soko. Niliingia kwa sababu wenzangu waliingia, nikatoka kwa sababu ya hofu.

Nayaeleza haya kwa kuwa vijana niliowafundisha hunijia sasa na swali moja: je, umahiri wa kununua na kuuza hisa hufunzwa, au mtu huzaliwa nao?

Swali hilo liliwahi kujaribiwa. Mwaka 1983, mjini Chicago, Marekani, Richard Dennis alibishana na mwenzake William Eckhardt. Dennis alishikilia kwamba umahiri wa soko hufundishika. Eckhardt alisema ni kipawa. Wakatangaza nafasi gazetini, wakachagua watu wachache wa kazi mbalimbali, wakawafunza kwa majuma mawili, kisha Dennis akawakabidhi mtaji. Walichouza na kununua ni mikataba ya mazao, madini na fedha za kigeni, si hisa, lakini somo ni lile lile. Walifundishwa wakati wa kununua, wakati wa kuuza, na kutokubali dau moja lile zaidi ya asilimia 2 hivi ya mtaji.

Wengi walipata faida kubwa. Hata hivyo, wanafunzi wa darasa moja, wenye kanuni zile zile, hawakufaulu sawa. Kanuni huweza kuandikwa katika kurasa chache; kazi ni kuitii kanuni inayokuamuru uuze kwa hasara ilhali moyo unakuambia ungoje kidogo. Dennis mwenyewe alipata hasara kubwa miaka ya 1987 na 1988, akaacha kusimamia fedha za wengine. Ikiwa soko lilimtikisa mwalimu, seuze mimi niliyeingia bila kanuni hata moja!

Wahenga walinena kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali. Anayetaka kuingia Soko la Hisa la Nairobi na ajifunze kwanza kusoma hesabu za kampuni: mapato, madeni na gawio. Kisha afanye biashara ya daftarini kwa mwaka mzima pasipo kutoa hata senti, akiandika kila mara sababu ya kununua na bei atakayotokea, kabla ya kununua, si baada. Atakapoanza kwa fedha halisi, ziwe fedha zake, wala si karo ya watoto wala mkopo.

Walimu wenzangu, tunawafundisha wanafunzi asilimia kwa mifano ya maembe na mayai. Hebu siku moja tuwapelekee hesabu za kampuni, zilizochapishwa gazetini, wazichambue darasani. Nadhani ningepewa somo hilo ujanani, ningejiuliza maswali mawili matatu kabla ya kupanga foleni ile.