Filamu za wadukuzi zinatudanganya, tazameni ile ya posta

Najua nimepotea. Kazi ilinibana, halafu watoto wakafunga shule, halafu mama akaja kutoka Machakos kukaa nasi wiki tatu. Kwa hivyo jioni, badala ya kukaa na programu zangu, nimekuwa nikitazama filamu sebuleni, tarakilishi nimeiunganisha na runinga kwa waya, na mimi ndiye mtafsiri, maana Kiingereza cha mama ni cha kusalimia tu. Leo nataka kuzungumzia nilichokitazama, na kusema kweli nataka kugombana kidogo.

Ugomvi wenyewe ni huu. Kila nikimwambia mtu kwamba kazi yangu ni kuandika programu, ataniuliza kama nimetazama filamu fulani ya wadukuzi. Nimechoka! Basi safari hii nikaamua kuzirudia zote, nisije nikaambiwa nasema nisichokijua.

Nilianza na Swordfish ya 2001. Jamaa anawekewa bastola kichwani na kupewa sekunde 60 avunje mfumo wa serikali, na anauvunja. Mimi seva yangu mwenyewe, yenye neno la siri nililoliweka mwenyewe, wakati mwingine hunichukua dakika tano kuingia. Jurassic Park ya 1993 niliitazama na watoto, na hiyo naitetea: ile sehemu ambapo msichana anapaa juu ya mafaili kama yuko kwenye ndege watu huicheka, lakini programu ile ilikuwepo kweli, iliitwa fsn, ya kampuni ya Silicon Graphics. The Matrix Reloaded ya 2003 nayo inastahili heshima kwa zile sekunde chache ambapo Trinity anatumia nmap, kifaa ambacho hata mimi ninacho hapa. Mr. Robot, iliyoonyeshwa kuanzia 2015 hadi 2019, ndiyo imejitahidi kuliko zote. Amri anazoandika Elliot ni amri za kweli, na huhitaji kufumba macho ukiwa fundi.

Lakini zote, nzuri na mbovu, zinamfundisha mtazamaji jambo moja: kwamba hatari ya tarakilishi hutoka nje. Hutoka kwa kijana mwerevu, mwenye kofia ya sweta, anayekaa gizani usiku wa manane. Mfumo wenyewe uko salama mpaka huyo aje. Na hapo ndipo ninaposema tunadanganywa. Katika miaka yote niliyofanya kazi hii sijamwona mtu hata mmoja aliyeumizwa na kijana wa kofia. Waliopata hasara niliowaona waliumizwa na programu ya kawaida, iliyoandikwa mchana na watu wa kawaida waliokuwa wakifikiria chakula cha mchana.

Afadhali Office Space ya 1999. Wale mafundi watatu wanataka kuiba visenti vidogo vidogo, wanaweka nukta mahali pasipofaa, na baada ya siku chache wamejikuta na zaidi ya dola 300,000. Hiyo ndiyo kazi yetu, jamani. Nukta moja.

Sasa nifike kwenye ile niliyotaka kuisema. Wenzangu kazini waliitazama kipindi kimoja wakaiacha, wakasema ni hadithi ya wazee wa Uingereza wanaoandika barua. Inaitwa Mr Bates vs The Post Office, vipindi vinne, ilionyeshwa na ITV Januari 2024. Mimi naona ndiyo filamu muhimu kuliko zote iliyowahi kutengenezwa kuhusu programu za tarakilishi, na ndani yake hakuna mdukuzi hata mmoja.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Kule Uingereza posta nyingi za vijijini huendeshwa na watu wenye maduka madogo. Kuanzia 1999 waliletewa mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon, wa kampuni ya Fujitsu. Jioni wakifunga hesabu, mfumo ukasema wana shoti. Leo pauni mia kadhaa, mwezi ujao elfu mbili. Mkataba uliwataka walipe. Waliolipa walimaliza akiba, waliokosa walishtakiwa kwa wizi na udanganyifu. Zaidi ya watu 900 walipatikana na hatia kwa sababu ya hesabu za mfumo huo, na wengi wao walishtakiwa na Posta yenyewe, kwa kuwa ilikuwa na uwezo wa kupeleka kesi mahakamani bila kupitia polisi. Kuna waliofungwa. Seema Misra alifungwa 2010 akiwa mjamzito. Ripoti ya kwanza ya uchunguzi wa umma, iliyotolewa Julai 2025, ilisema huenda watu wasiopungua 13 walijiua.

Kuna sehemu katika kipindi cha kwanza ambapo Jo Hamilton, mama mwenye duka kijijini, yuko kwenye simu na watu wa msaada. Anafuata maagizo, anabonyeza anachoambiwa, na shoti ya pauni elfu mbili inageuka elfu nne mbele ya macho yake. Na yule wa kwenye simu hashtuki. Wengi wao walipopiga simu waliambiwa ni wao peke yao wenye tatizo hilo.

Hapo mama akaniambia nisimamishe. Yeye amekuwa mweka hazina wa chama chao kwa miaka mingi, na kitabu anakijua. Akaniuliza, "Kwani hawakuhesabu tena? Sisi kitabu kikikataa tunaketi wote, tunahesabu tena kutoka mwanzo, kabla ya kumwita mtu mwizi." Nikamweleza kwamba walikuwa na tarakilishi. Akasema, "Ndiyo nauliza. Nani aliihesabia tarakilishi?"

Wasomaji, mimi nina shahada, na swali hilo sikuwahi kuulizwa darasani.

Jibu ni kwamba hakuna aliyeihesabia. Kule Uingereza kulikuwa na kifungu cha sheria ya 1984 kilichomtaka anayeleta ushahidi wa tarakilishi aonyeshe kwamba ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Bunge likakiondoa mwaka 1999, mwaka uleule Horizon ilipoanza kusambazwa. Baada ya hapo mahakama zikachukulia kwamba tarakilishi iko sawa mpaka mtu aonyeshe haiko sawa. Sasa mwenye duka la kijijini ataonyeshaje, na kumbukumbu zote ziko kwenye seva za watu wengine? Ilibidi watu 555 wakiongozwa na Alan Bates waende kortini pamoja, na Desemba 2019 Jaji Fraser akatoa hukumu kwamba mfumo ulikuwa na hitilafu nyingi na haukuwa wa kuaminika. Ikathibitika pia kwamba watu wa Fujitsu waliweza kuingia kwenye hesabu za tawi kutoka mbali na kuzibadilisha, jambo ambalo Posta ilikuwa imelikana kwa miaka mingi.

Mojawapo ya hitilafu hizo ilijulikana kwa jina la Dalmellington, kijiji cha Uskoti. Mwaka 2015 mhudumu wa huko alikuwa akiingiza mfuko wa pauni 8,000. Skrini ikaganda. Akabonyeza tena, na tena, kama ambavyo mimi na wewe tungefanya. Kila alipobonyeza mfumo ulirekodi pauni 8,000 nyingine, akabaki na pengo la pauni 24,000.

Niliposoma hilo sikulala vizuri, na sasa nitawaambia kwa nini.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika sehemu ya programu ya kaunta kwa ajili ya duka la jumla. Silitaji, wala kampuni iliyoniajiri. Mtandao pale ulikuwa wa kukatika-katika, kwa hivyo niliandika kwamba kaunta ikituma mauzo na isipate jibu, itume tena. Nilijiona fundi. Nilichosahau ni kwamba kutopata jibu si sawa na kutopokelewa. Mara nyingine seva ilikuwa imeyapokea mauzo, ni jibu tu lililopotea njiani, basi yakaandikwa mara mbili. Dawa yake ni rahisi ajabu: kaunta iyape mauzo namba yake kabla ya kuyatuma, na seva ikiona namba ileile mara ya pili ikatae. Mistari kumi hivi ya programu.

Miezi minne baadaye, nikitafuta kitu kingine kabisa kwenye kumbukumbu za seva, nikayaona mauzo pacha. Nikahesabu. Karibu yote yalikuwa ya kaunta moja, ile ya mwisho karibu na stoo, ambako mtandao ulikuwa mbovu zaidi. Mfumo uliamini keshia wa pale amepokea pesa ambazo hazikuwepo. Dada huyo alikuwa amekatwa mshahara, shilingi 11,400 kwa jumla, kisha akaachishwa kazi kwa kile walichokiita uzembe. Nikaenda kwa mkubwa wangu. Akaniambia nirekebishe kimya kimya, tusije tukapoteza mteja. Nikarekebisha kimya kimya. Nilipiga simu pale dukani mara moja nikaambiwa hayupo tena, nikaridhika na jibu hilo, na mwisho wa mwezi nikapokea mshahara wangu wote bila kukatwa kitu.

Najua mtakachosema. Mwenzangu mmoja amekwisha kunijibu kwamba fundi hana kosa, wakubwa ndio wenye kosa, na kwamba hata kule Uingereza waliodanganya ni wakurugenzi. Nusu ya hilo nakubali. Lakini mkurugenzi hasomi kumbukumbu za seva. Mtu wa kwanza duniani kujua kwamba yule dada si mwizi nilikuwa mimi. Na kabla sijasema mimi, hakuna mwingine ambaye angeweza kusema. Hilo ndilo kosa langu kubwa na filamu hii pia, maana haina kasoro moja tu: vipindi vinne, na watu walioandika programu karibu hawaonekani. Nilitaka kuwaona. Nilitaka kuona ofisi, kikombe cha chai, fundi anayefungua ripoti ya hitilafu na kuifunga.

Mwingine akasema hayo ni ya Ulaya, sisi tuna sheria nzuri. Ni kweli Sheria yetu ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inadai cheti ili kumbukumbu za tarakilishi zikubaliwe mahakamani. Lakini cheti hicho hutiwa sahihi na mtu mwenye wadhifa kuhusu uendeshaji wa mashine hiyo, yaani mara nyingi ni mwajiriwa wa mlalamishi mwenyewe. Mtu kama mimi, siku ile, baada ya kuongea na mkubwa wangu. Halafu niambieni, ni keshia wangapi hufika mahakamani? Yule dada hakufika. Kesi yake ilisikilizwa dakika kumi katika ofisi ya meneja na shahidi alikuwa karatasi iliyochapishwa na programu yangu.

Na msiniambie ni filamu tu. Mwaka 1983 rais wa Marekani, Reagan, alitazama WarGames, akauliza majenerali wake kama jambo lile linawezekana, na mwaka uliofuata akatia sahihi agizo kuhusu usalama wa mifumo ya serikali. Hii ya posta ilionyeshwa Januari 2024, na kufikia mwisho wa Mei mwaka huohuo Bunge la Uingereza lilikuwa limepitisha sheria ya kufuta hukumu za mamia ya watu kwa mkupuo. Kesi ya kortini ilikuwa imekwisha tangu 2019. Watu walihitaji kuuona uso wa Jo Hamilton akiwa kwenye simu.

Kwa hivyo mafundi wenzangu, iacheni Swordfish. Na wewe unayekaa kwenye kaunta, ukiambiwa una shoti, usitie sahihi siku hiyo. Omba orodha ya mauzo yako moja moja, yenye saa na sekunde, kisha tafuta mawili yanayofanana kwa kila kitu na yaliyoachana kwa sekunde chache. Meneja akikataa, andika kwamba amekataa, na tarehe.

Mama alirudi Machakos Jumapili. Kabla ya kupanda gari aliniuliza yule keshia wangu anaitwa nani. Jina la kwanza nalikumbuka. La pili nimeanza kulitafuta kwenye barua pepe za zamani, na kuna rafiki aliyewahi kufanya kazi pale stoo ambaye ameahidi kuniulizia.

Stima inapepesa hapa, wacha nitume hii kabla haijapotea.